Ini la chatu na asidi za nyongo: rangi ya kijani inasema nini?

"Daktari, ninatunza chatu katika kituo kinachofundisha watu kuhusu wanyama watambaao. Mwezi uliopita mmoja wao, jike mzee, alikufa, na daktari wa wanyama alipompasua nilikuwa nimesimama kando. Niliona ini refu la rangi ya hudhurungi, lakini kifuko cha nyongo kilikuwa mbali nalo kabisa, kimejaa maji ya kijani yanayokaribia weusi. Mwenzangu mmoja alisema hiyo ndiyo akiba ya sumu ya nyoka. Mwingine alisema nyoka hatengenezi nyongo, bali anaipata kwa wanyama anaowameza. Wa tatu aliomba apewe kile kifuko anywe nyongo yake kama dawa. Sasa chatu aliyebaki hajala kwa wiki tisa, na lile donge jeupe analotoa pamoja na kinyesi limeanza kuwa na ukijani. Ninaomba unieleze: ini la nyoka hutengeneza vipi asidi za nyongo, je, huendelea kuzitengeneza asipokula, na je, ukijani huo ni asidi zinazomwagika mwilini?"

Pole kwa kumpoteza yule jike. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, lakini naona hofu iliyoyabeba yote ni moja, kwamba kilichomuua wa kwanza sasa kimemwingia wa pili. Nitaanza na hofu hiyo kabla ya kuingia ndani ya ini. Ukijani unaouona si asidi za nyongo. Asidi hizo zikisafishwa na kukaushwa huwa unga mweupe tu. Kijani ni rangi iitwayo biliverdini, taka inayobaki mwili unapovunja chembe nyekundu za damu zilizozeeka, na ini huitoa nje kupitia maji yaleyale ya nyongo. Ni abiria wawili waliopanda chombo kimoja, lakini kila mmoja ametoka kwake na ana safari yake. Kwa hiyo mabadiliko ya rangi peke yake hayatoshi kuonyesha kwamba utengenezaji wa asidi umeharibika, ingawa, kama nitakavyoeleza mbele, si jambo la kupuuza.

Kuhusu yule mwenzako wa kwanza: sumu ya nyoka hutengenezwa na tezi zilizo kichwani, nyuma ya macho, ambazo kwa asili yake ni ndugu wa tezi za mate. Imeundwa hasa kwa protini, nayo hupita kwenye mrija mfupi hadi kwenye meno. Hakuna njia inayounganisha tezi hizo na ini. Tena chatu hana sumu kabisa, huua kwa kujiviringisha na kubana, na bado kifuko chake cha nyongo ulikiona kimejaa. Kama kingekuwa ghala la sumu, chatu angekuwa na haja gani nacho? Nadhani uchungu wa nyongo ndio uliozaa dhana hii, na lugha yetu nayo haijaitendea haki, kwa maana jambo likiharibika tunasema limetumbukia nyongo, kama nyama iliyopasukiwa na kifuko mikononi mwa mchinjaji asiye makini.

Wa pili naye amekosea, ila kosa lake lina chembe ya ukweli. Ni kweli kwamba mnyama anayemezwa mzima huingia tumboni pamoja na ini lake na nyongo yake yote. Lakini panya wana asidi yao ya nyongo iitwayo asidi murikoliki. Kama chatu angekuwa anaazima tu nyongo ya mawindo, basi chatu aliyelelewa kwa panya tangu utotoni angekuwa na nyongo iliyotawaliwa na asidi hiyo. Wakemia walipoichambua nyongo ya chatu walikuta kitu kingine: asidi koliki, ambayo ni ya kawaida kwa wanyama wengi wenye uti wa mgongo, na pamoja nayo asidi iliyokuwa ngeni kwao, wakaipa jina la chatu mwenyewe, asidi pithokoliki. Anachopata nyoka kwa windo ni sehemu ya malighafi. Kiwanda ni ini lake mwenyewe.

Malighafi ya kwanza ni kolesteroli, ambayo huja na nyama lakini pia hutengenezwa na ini lenyewe. Kolesteroli ni molekuli yenye kaboni 27: pete nne zilizoshikana, na mkia unaoning'inia upande mmoja. Haipendi maji hata kidogo, na mwili hauna njia rahisi ya kuivunjavunja hadi iishe. Linachofanya ini ni kuigeuza iwe molekuli yenye nyuso mbili, uso mmoja unaoshikamana na mafuta na mwingine unaoshikamana na maji, kama ilivyo sabuni. Kwa kufanya hivyo ini linapata faida mbili kwa mpigo, kwani linaondoa kolesteroli ya ziada na papo hapo linajipatia kifaa cha kuyeyushia mafuta utumboni.

Hatua ya kwanza ndiyo inayopanga mwendo wa kazi yote. Kimeng'enya kinachojulikana kwa kifupi kama CYP7A1 hubandika kundi la haidroksili, yaani oksijeni moja na hidrojeni moja, kwenye kaboni ya 7 ya pete. Kimeng'enya hiki kikipungua, uzalishaji wote hupungua; kikiongezeka, huongezeka. Baada ya hapo pete ya kwanza hupindishwa, kundi la haidroksili lililokuwapo tangu mwanzo kwenye kaboni ya 3 hugeuzwa upande, na kimeng'enya kingine, CYP8B1, hubandika jingine kwenye kaboni ya 12. Sasa makundi matatu yanayopenda maji yameelekea upande mmoja, na upande wa pili umebaki mtupu kwa ajili ya mafuta. Kazi inayofuata ni ya mkia: huunguzwa kidogo ndani ya mitokondria, kisha hukatwa kaboni tatu ndani ya vijisehemu vya seli viitwavyo peroksisomu. Zilizobaki ni kaboni 24, na hiyo ndiyo asidi koliki.

Hatua hizi zimechunguzwa kwa undani zaidi kwa panya na binadamu, lakini bidhaa tunayoikuta kwenye nyongo ya nyoka inaonyesha wazi kwamba njia ni hiyohiyo. Si wanyama wote wanaoimaliza njia hiyo. Mamba na kasa hawakati mkia, asidi zao hubaki na kaboni 27 zilezile. Papa hawafiki hata kwenye asidi: huishia kwenye alkoholi ya nyongo iliyofungwa na salfeti. Kwa hiyo nyoka, ambaye wengi humweka kundi moja na mamba kwa sura yake, ana nyongo inayofanana zaidi na yako na yangu.

Kabla asidi haijatoka kwenye seli, ini huifunga na taurini, molekuli ndogo yenye salfa inayopatikana kwa wingi kwenye nyama. Binadamu hutumia taurini na pia glisini, molekuli nyingine ndogo ya aina hiyo, lakini nyoka hutegemea taurini. Sababu haiko mbali. Asidi ya nyongo isiyofungwa huganda na kuzama ikikutana na maji yenye ukali wa asidi, ilhali iliyofungwa na taurini hubaki imeyeyuka hata hapo. Tumbo la chatu aliyekula hugeuka kuwa tindikali kali ndani ya siku moja. Kwa chatu wa Burma, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi, pH ya tumbo, kipimo ambacho hushuka kadiri ukali wa asidi unavyopanda, hutoka kwenye 7 na kitu hadi karibu 2. Uji huo mkali unapomwagikia utumbo mwembamba, nyongo inayokutana nao inahitaji kuwa imara, na kwa mnyama anayekula nyama tupu taurini haiwezi kuwa adimu.

Sasa nifike kwenye ile asidi pithokoliki, kwa sababu hapa ndipo nyoka anapotushangaza, na ndipo jibu la swali lako la jinsi ini linavyozitengeneza asidi linapoacha kuwa la ini peke yake. Mwingereza G. A. D. Haslewood, aliyetumia maisha yake ya kazi kulinganisha nyongo za wanyama wa kila aina, aliieleza asidi hii pamoja na mwenzake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ilikuwa na kundi la haidroksili kwenye kaboni ya 3 na ya 12 kama asidi koliki, lakini la kaboni ya 7 halikuwapo. Badala yake lilikuwapo moja kwenye kaboni ya 16, mahali ambapo njia niliyoieleza haigusi kabisa. Ungeweza kudhani kwamba chatu ana njia yake tofauti tangu mwanzo. Mwaka 1960 Bergström, Danielsson na Kazuno walichapisha majaribio waliyofanya kwa chatu na nyoka wabanaji wengine, wakitumia molekuli zilizotiwa alama ya mionzi ili waweze kuzifuata mwilini. Walichogundua ni safari ya mzunguko. (Bergström huyu ndiye aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982, ingawa aliipata kwa kazi nyingine, ya prostaglandini.)

Tuifuate molekuli moja. Inazaliwa kwenye ini ikiwa asidi koliki, inafungwa na taurini, inateremka hadi kwenye kifuko na kukaa humo. Chatu anameza windo, kifuko kinabanwa, nayo inaingia utumboni na kufanya kazi yake ya kuyeyusha mafuta. Huko chini inakutana na bakteria. Bakteria wanaifungua taurini, kisha wanaling'oa lile kundi la kaboni ya 7 ambalo ini lilihangaika kulibandika katika hatua ya kwanza kabisa. Kinachobaki kinaitwa asidi deoksikoliki, molekuli inayopenda mafuta kupita kiasi na ambayo ikiwa nyingi huumiza ngozi ya seli. Utumbo unainyonya, damu ya mshipa mkuu unaokwenda kwenye ini inairudisha ilikozaliwa. Ini linaipokea ikiwa imeharibika na linaitengeneza, lakini si pale palipobanduliwa: kiraka kinabandikwa kwenye kaboni ya 16. Hiyo ndiyo asidi pithokoliki. Inafungwa tena na taurini na kurudishwa kazini.

Ninapenda mfano huu kwa sababu unaonyesha jinsi kila mnyama alivyolitatua tatizo moja kwa namna yake. Ini la panya likirudishiwa asidi deoksikoliki hubandika upya kundi palepale kwenye kaboni ya 7. Ini la binadamu halifanyi hivyo, ndiyo maana sisi tunaishi na asidi deoksikoliki kwenye nyongo yetu maisha yote. Chatu hutumia kaboni ya 16. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe, ana asidi yake iitwayo bitokoliki, na kwake kiraka kiko mkiani, kwenye kaboni ya 23. Ukipewa tone la nyongo na kifaa kizuri cha maabara, unaweza kukisia limetoka kwa jamii gani ya nyoka bila kumwona mnyama mwenyewe.

Umbali wa kifuko uliokushangaza una maelezo mepesi. Mwili wa nyoka ni bomba, na viungo ambavyo kwetu vimekaa ubavu kwa ubavu, kwake vimepangwa foleni. Ini limenyooka likawa refu na jembamba, likianza nyuma ya moyo, na kifuko kimesukumwa nyuma yake hadi karibu na mwisho wa tumbo, kikiwa kimesogeleana na kongosho na wengu. Ukitazama kwa makini utaona mrija mwembamba unaotoka kwenye ini na kuteremka hadi huko. Mahali hapo si pabaya: mlango wa utumbo mwembamba uko hatua chache tu, na ndipo nyongo inapohitajika.

Je, ini huendelea kutengeneza asidi asipokula? Huendelea, lakini kwa mwendo wa pole. Mwili hautupi asidi za nyongo ovyo. Kwa binadamu takribani asilimia 95 ya zinazoingia utumboni hunyonywa na kurudi kwenye ini, na kinachotengenezwa upya ni kile tu cha kufidia kilichopotea kwenye kinyesi. Kiasi kinachorudi ndicho kinachoiambia CYP7A1 ipunguze au iongeze kasi. Nyoka anayefunga hapotezi mengi, kwa hiyo hana haja ya kutengeneza mengi. Nyongo inayodondoka polepole kutoka kwenye ini hukusanywa kifukoni, maji yake hunyonywa, nayo huzidi kuwa nzito na nyeusi kadiri majuma yanavyopita. Kile kifuko kilichojaa ulichokiona kwa yule jike kinaniambia tu kwamba alikuwa hajala kwa muda kabla ya kufa. Hakiniambii kilichomuua.

Anapokula, kila kitu hubadilika kwa pamoja. Kifuko humwaga akiba yake, na ini lenyewe huongezeka uzito kwa kiasi kikubwa ndani ya siku chache, kama yanavyofanya utumbo, figo na moyo. Asidi za nyongo hazimeng'enyi mafuta zenyewe, na hili ni kosa ninalokutana nalo hata kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Huyavunja mafuta kuwa matone madogo sana ili vimeng'enya vya kongosho vipate mahali pa kushika, kisha huyabeba mabaki yake hadi kwenye ukuta wa utumbo. Matokeo yake unaweza kuyaona kwa macho: watafiti waliotoa damu kwa chatu wa Burma waliokuwa wamekula, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, walikuta majimaji ya damu yamegeuka meupe kama maziwa kwa wingi wa mafuta. Bila nyongo, mafuta hayo yangeishia kwenye kinyesi.

Turudi kwa chatu wako na donge lake. Donge hilo jeupe ni mkojo, kwani nyoka hutoa takataka za nitrojeni zikiwa asidi ya yuriki iliyoganda. Mkojo huo na kinyesi hutokea tundu moja, ndiyo maana rangi ya nyongo inaweza kuupaka kwa njia mbili tofauti sana. Ya kwanza ni ya amani: utumbo ni mtupu, nyongo inaendelea kudondoka kidogo kidogo bila chakula cha kuichanganya, na inapofika mwisho inalipaka donge rangi likiwa linatoka. Ya pili si ya amani: ini limeshindwa kuitoa biliverdini kwa njia yake ya kawaida, au damu inavunjika kwa kasi isiyo ya kawaida, rangi inajaa kwenye damu na figo zinaitoa kwenye mkojo wenyewe. Ukilivunja donge lililokauka na kukuta ukijani uko juu tu huku ndani ni jeupe, mimi huegemea maelezo ya kwanza. Ukikuta rangi imeenea hadi ndani, naingiwa na wasiwasi zaidi. Lakini hiki ni kidokezo cha mezani, hakiwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi.

Kutokula kwa wiki tisa peke yake hakunitishi. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula, hasa wakati wa kujamiiana, anapokaribia kujivua gamba, au joto la makazi yake linaposhuka. Kwa hiyo pima joto kwanza, kwa kipimajoto na si kwa kiganja. Upande wa joto wa makazi ya chatu wengi unatakiwa uwe karibu na nyuzi 30 za Selsiasi, na chini sana ya hapo vimeng'enya vyake havifanyi kazi inavyopasa, hata nyongo iwe nzuri kiasi gani. Hakikisha ana maji safi na mahali pa kujificha. Mpime uzito leo na kila wiki, uandike.

Kinachonizuia kukuambia usubiri tu ni kwamba mambo matatu yamekutana: mwenzake amekufa, yeye mwenyewe hataki kula, na rangi ya donge imebadilika. Kuna magonjwa ya ini yanayoambukiza kati ya nyoka wanaoishi jirani, ikiwemo amiba iitwayo Entamoeba invadens, inayoharibu utumbo na ini na ambayo kasa wanaweza kuibeba bila kuumwa. Kama kituo chako kina kasa na vyombo vyao vya maji hushirikiwa, mwambie daktari jambo hilo kabla hajakuuliza. Kuna pia ini lililojaa mafuta, ugonjwa wa nyoka waliolishwa kupita kiasi. Nyoka mnene akiacha kula ghafla, mafuta ya akiba huhamia kwenye ini kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Kwa sababu hiyo usimlazimishe kumeza kitu chochote kabla hajaonwa. Najua ni vigumu kukaa na kumtazama, lakini windo lenye mafuta likisukumwa tumboni mwa nyoka mwenye ini gonjwa mara nyingi hutapikwa, na kutapika humdhoofisha kuliko njaa.

Ninakushauri umpeleke kwa daktari mwenye uzoefu wa wanyama watambaao ndani ya wiki hii. Usingoje hata siku moja ukiona ametapika, anapumua kwa mdomo wazi, amelegea kuliko ulivyomzoea, ana uvimbe katika theluthi ya kati ya mwili ambako ndiko ini liliko, au amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Mtenge kuanzia leo na utumie vifaa tofauti kumhudumia. Kama viungo vya yule jike vilihifadhiwa, omba vipimwe kwa darubini, kwa sababu kipande kidogo cha ini lake kinaweza kukuambia mengi kuhusu huyu aliye hai kuliko kipimo chochote cha damu.

Kuhusu vipimo, nakutahadharisha mapema usije ukakata tamaa. Bilirubini, ambayo hupimwa kwa binadamu ambaye macho na ngozi vimekuwa vya manjano, haina msaada mkubwa hapa, kwa kuwa nyoka kwa sehemu kubwa huishia kwenye biliverdini na haigeuzi kuwa bilirubini. Asidi za nyongo zinaweza kupimwa kwenye damu, na njia inayotumia kimeng'enya ni afadhali, kwa sababu inalitambua lile kundi la kaboni ya 3 ambalo asidi pithokoliki inalo kama nyingine. Njia zinazotegemea kingamwili zilizoundwa kwa asidi za binadamu zinaweza kuzikosa asidi za pekee za nyoka. Hata hivyo namba moja haitoshi. Mbwa hupimwa kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, lakini chatu huchukua siku kadhaa kumeng'enya mlo mmoja, tena wako hataki kula kabisa. Picha ya mawimbi ya sauti ya ini na kifuko, na ikibidi kuchukua kipande cha ini, ndivyo vinavyotoa jibu la kutegemeka. Ni hatua ghali zaidi na ina hatari yake, lakini kwa nyoka ambaye mwenzake amekwisha kufa, mimi ningeikubali.

Imebaki habari ya yule aliyetaka kunywa nyongo. Ni kweli kwamba asidi za nyongo ni dawa: asidi ursodeoksikoliki na asidi kenodeoksikoliki hutolewa hospitalini kwa baadhi ya magonjwa ya ini na mawe ya nyongo, zikiwa zimesafishwa na kipimo chake kinajulikana. Kifuko kibichi cha nyoka hakina sifa hata moja kati ya hizo. Ndani yake mna kisafishaji kikali kinachochoma utumbo, na nyoka hubeba bakteria wa Salmonella na vimelea aina ya Armillifer ambao mayai yao yakimezwa na binadamu viluwiluwi vyake hujichimbia kwenye ini na viungo vingine. Nyongo ya samaki aina ya kapi, ambayo nayo hunywewa na wanaoiamini, imewapeleka watu wengi hospitalini figo zikiwa zimesimama, kwa sababu ya alkoholi ya nyongo iitwayo siprinoli iliyofungwa na salfeti. Akiwa amekwisha kuinywa, mtazame kwa siku kadhaa. Akitapika, akaharisha, mkojo ukapungua au macho yakawa manjano, aende hospitali mara moja na aseme bila aibu alichokunywa, maana daktari hawezi kukikisia.

Siku ya kumpeleka chatu, chukua daftari la uzito na la joto, tarehe ya mlo wa mwisho na aina ya windo, na donge la karibuni zaidi likiwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, bila maji wala dawa ya kuua vijidudu. Lipige picha likiwa bado bichi, juani na si chini ya taa, kwa kuwa biliverdini ikikaa hewani inaweza kubadilika rangi na daktari anaweza kuletewa donge la kahawia wakati wewe uliona la kijani.